Kumlisha na Kumsemesha: Ubongo na Mwili wa Mtoto Katika Miaka ya Kwanza

Katika nyumba nyingi za Mwanza, kuanzia Igogo na Mabatini hadi visiwa vya Ukerewe, mtoto wa chini ya mwaka mmoja huhesabiwa kuwa anatunzwa vizuri pale anaponyonya, anapoongezeka kilo kliniki na anapolala bila kusumbua, huku akili yake ikiachiwa siku za mbele, atakapoanza kusema au atakapopelekwa shule ya awali. Mtazamo huu haukosei kuthamini shibe, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hawezi kukua. Unakosea kwa kile unachokiahirisha, kwani ubongo hausubiri shule, na sehemu kubwa ya ujenzi wake hukamilika katika umri ambao wazazi wengi bado wanamwona mtoto kuwa hana la kufundishwa. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba kumlisha mtoto na kumsemesha ni kazi moja, kwamba mojawapo haiwezi kufidia upungufu wa nyingine, na kwamba karibu kila kinachohitajika kwa kazi hiyo kinapatikana ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Ubongo wa mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi yake una uzito wa takribani gramu 350 hadi 400, yaani zaidi kidogo ya robo ya ubongo wa mtu mzima, na anapofikisha miaka 3 huwa umekaribia asilimia 80 ya ukubwa wake wa mwisho. Seli za neva, ambazo wanasayansi huziita nyuroni na ambazo idadi yake hukadiriwa kuwa bilioni 86, huwa zimekwisha kuumbwa tumboni kwa sehemu kubwa. Kinachoongezeka sana baada ya kuzaliwa ni sinapsi, yaani maungio ambamo seli moja huipitishia nyingine taarifa, na haya hukadiriwa kuundwa kwa kasi inayozidi milioni 1 kwa sekunde katika miaka ya mwanzo. Maungio hayo huundwa mengi kupita mahitaji, kisha yale yanayotumiwa mara kwa mara huimarika na yasiyotumiwa huondolewa, kama mkulima wa migomba wa Bukoba anavyoacha machipukizi machache yenye nguvu kwenye shina na kuyang'oa mengine. Kinachoamua yapi yabaki ni maisha ya kila siku ya mtoto: sauti anazozisikia, nyuso anazozitazama, mikono inayomgusa na vitu anavyovishika. Sambamba na hayo, nyuzi za neva huvikwa ala ya mafuta iitwayo myelini, ambayo huzifanya taarifa zisafiri haraka, na ala hiyo haitengenezwi ipasavyo pale ambapo mafuta bora, protini, madini ya chuma na vitamini B12 vimepungua katika chakula.

Ni hapo ambapo chakula na mazungumzo hukutana, kwa sababu ubongo wa mtoto mchanga peke yake hutumia zaidi ya nusu ya nguvu ambayo mwili unaitumia ukiwa umetulia, nao hudai nguvu hiyo ili upokee na kupanga yale anayoyasikia na kuyaona. Ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hili ulipatikana Kingston, Jamaica, ambako kuanzia mwaka 1986 watoto 129 waliodumaa walifuatiliwa, baadhi yao wakipewa nyongeza ya maziwa, wengine wakitembelewa nyumbani kila wiki kwa muda wa miaka 2 na wahudumu waliowafundisha mama zao namna ya kucheza na kuzungumza nao, na wengine wakipata vyote viwili. Baada ya miaka 20, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wale ambao mama zao walitembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25, ilhali nyongeza ya maziwa bila mafunzo hayo haikuacha alama ya kudumu. Karibu zaidi na Mwanza, katika vijiji vya Mkoa wa Mara, utafiti uliotumia vikundi vya wazazi chini ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulionyesha kwamba elimu ya lishe iliyounganishwa na elimu ya malezi iliwasaidia watoto kiakili na katika kuelewa lugha kuliko elimu ya lishe pekee, na baadhi ya vikundi hivyo viliwaingiza akina baba, jambo ambalo kampeni nyingi za lishe nchini bado huliacha nyuma.

Kazi yenyewe huanza kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Mrija wa neva, ambao ndio chanzo cha ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, na usipofunga vizuri mtoto huzaliwa na mgongo wazi, hali ambayo mara nyingi huambatana na kujaa maji kichwani na ambayo hulazimu upasuaji katika hospitali kubwa kama ya Rufaa ya Kanda Bugando. Kinga yake iliyo rahisi ni asidi ya foliki, vitamini ya kundi B, ya mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba na katika wiki 12 za mwanzo. Vidonge vya FEFO vinavyotolewa kliniki vina vitamini hiyo pamoja na madini ya chuma, lakini mwanamke anayefika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 4 huwa ameikosa kinga hiyo dhidi ya mgongo wazi, ingawa chuma bado kitamfaa yeye na mtoto. Kwa hiyo mwanamke anayepanga kuzaa, au ambaye anaweza kushika mimba bila kupanga, anapaswa kuvitafuta vidonge hivyo mapema. Chumvi ya nyumbani nayo iwe ile yenye madini joto, kwa kuwa upungufu wa madini joto wakati wa ujauzito huathiri ubongo wa mtoto moja kwa moja, na ihifadhiwe katika chombo kilichofunikwa mbali na jua na moto.

Ukanda wa Ziwa una hatari nyingine mbili ambazo vitabu vya malezi vilivyoandikiwa nchi nyingine havizitaji, nazo zinastahili kutazamwa kwa kina. Ya kwanza ni zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na baadhi ya maeneo ya Mwanza huitumia kukamatia dhahabu, kisha huichoma ili iondoke kama mvuke. Mvuke huo huingia mapafuni, hupita kwenye damu ya mama hadi kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unaundwa. Elias Nyanza na watafiti wenzake wa chuo kikuu cha afya cha CUHAS kilichopo Bugando waliwafuatilia wajawazito wa maeneo ya uchimbaji kaskazini mwa Tanzania na baadaye kuwapima watoto wao, wakaonyesha kwamba kiwango kikubwa cha zebaki katika mwili wa mama kilihusiana na mtoto kuwa nyuma katika ukuaji wa ubongo. Ushauri unaotokana na matokeo hayo hauhitaji mtambo wa gharama: zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala karibu na jiko la chakula, mjamzito na mama anayenyonyesha wasishike kazi hiyo kabisa, na baba anayetoka machimboni abadilishe nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto, nguo hizo zikifuliwa peke yake.

Hatari ya pili ni udongo unaoliwa na wajawazito, ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba. Nyanza na wenzake waliwahi kuupima udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya uchimbaji na kuchapisha mwaka 2014 matokeo yaliyoonyesha kwamba una madini yenye sumu, yakiwemo risasi na aseniki, nayo yote mawili hudhuru ubongo wa mtoto. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo kumgombeza mjamzito hakusaidii. Linalosaidia ni kumpima damu, kumpa chuma na kumlisha vizuri. Zebaki isiwe sababu ya kumkataza mjamzito samaki, maana sumu hiyo hujikusanya zaidi katika samaki wakubwa wanaokula wenzao, na dagaa na sato wadogo hubaki kuwa chakula bora kwake.

Saa ya kuzaliwa nayo inaweza kuamua maisha yote ya mtoto, kwa sababu ubongo uliokosa hewa kwa dakika chache tu unaweza kuachwa na mtindio, yaani ulemavu wa viungo na mwendo unaotokana na kuumia kwa ubongo ambao bado unakua. Mkoa wa Mwanza ulikuwa miongoni mwa mikoa 5, pamoja na Geita, Shinyanga, Tabora na Manyara, iliyoingia katika mpango wa Safer Births, ambamo wakunga wa vituo 30 walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara ya kumhuisha mtoto asiyepumua kwa kutumia mwanasesere wa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40. Kujifungulia katika kituo chenye mkunga aliyefanya mazoezi ya namna hiyo ni kumlinda mtoto dhidi ya kifo na pia kuulinda ubongo wake. Mkunga akichelewa dakika 1 hadi 3 kukata kitovu cha mtoto anayepumua vizuri, damu inayoendelea kuingia humpa akiba ya chuma ya miezi kadhaa, na mama ana haki ya kuliomba jambo hilo.

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo, huwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi kwa mtindo wa kangaruu, na utafiti uliofanyika katika nchi 5, Tanzania ikiwemo, ulionyesha mwaka 2021 kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atengemae kwanza, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Baba, bibi au shangazi anaweza kupokezana na mama katika kazi hiyo. Katika wiki ya kwanza familia ichunguze manjano, ambayo kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi huonekana vizuri zaidi kwenye weupe wa macho, kwenye fizi na kwenye nyayo. Manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yanayofika viganjani na kwenye nyayo, yanahitaji hospitali yenye taa maalumu, na kumwanika mtoto kwenye jua la asubuhi hakuwezi kuchukua nafasi ya taa hiyo, kwa sababu kuchelewa kunaweza kuacha uziwi au mtindio wa ubongo.

Maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, hutosha hadi miezi 6, na takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto wa Tanzania wa umri huo hunyonyeshwa kwa namna hiyo. Wanaobaki mara nyingi hawakunyimwa maziwa kwa kutojua. Mama anayeanika dagaa usiku kucha, au anayeuza samaki katika soko la Mwaloni Kirumba tangu alfajiri, humwacha mtoto kwa dada mlezi ambaye hana kingine cha kumpa isipokuwa uji mwepesi. Kwa mama wa namna hiyo ushauri wa kunyonyesha tu hautoshi bila ushauri wa kukamua: maziwa yaliyokamuliwa kwa mkono safi katika kikombe chenye mfuniko hukaa hadi saa 4 mahali penye kivuli, na mtoto hunyweshwa kwa kikombe na siyo kwa chupa, ambayo ni ngumu kuisafisha. Mama aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na baada ya kurudi kazini sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Haki hiyo haiwagusi wanawake waliojiajiri mialoni, yaani kwenye fukwe za kushushia samaki, na hilo ni pengo ambalo halmashauri za kando ya ziwa zingeweza kuliziba kwa kutenga, katika kila mwalo mkubwa, chumba safi chenye kivuli kwa mama na mtoto.

Baada ya miezi 6 akiba ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo hupungua, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana chuma cha kutosha kuifidia. Hiki ndicho kipindi ambacho udumavu, yaani urefu wa mtoto kubaki chini ya ule wa umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, hujijenga kimyakimya, na mwaka 2022 asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mtoto mwenye afya huzaliwa na kilo 3 hivi, huwa na kilo 6 anapokaribia miezi 5 na kilo 9 anapotimiza mwaka, huku urefu wake ukiongezeka kutoka takribani sentimita 50 hadi 75. Uzito pekee hauwezi kuonyesha udumavu, kwani mtoto anaweza kuwa mnene na mfupi, kwa hiyo mzazi aombe kila mara urefu nao upimwe.

Jambo linalouma ni kwamba udumavu huo unakaa kando ya mojawapo ya vyakula bora vya mtoto vilivyopo duniani. Dagaa wa Ziwa Victoria huliwa mzima, pamoja na mifupa, macho na ini lake, na kwa sababu hiyo humpa mlaji kalsiamu, zinki, chuma, vitamini A, vitamini B12 na mafuta ambayo ubongo huyahitaji, kwa bei iliyo chini sana kuliko nyama au minofu ya sangara; lakini sehemu kubwa ya dagaa wanaovuliwa huishia katika chakula cha mifugo, na nyumbani dagaa hudharauliwa kuwa kitoweo cha wasio na uwezo, huku mtoto akipewa mchuzi wake na wakubwa wakila samaki wenyewe. Mchuzi hauna kitu cha kumjenga mtoto ukilinganishwa na dagaa wenyewe. Wanunuliwe dagaa waliokaushwa kwenye chanja badala ya wale walioanikwa mchangani, waoshwe kwa maji safi, wakaushwe tena, wakaangwe bila mafuta hadi wakauke kabisa, kisha wasagwe hadi wawe unga laini na uchujwe. Unga huo, ukihifadhiwa katika chombo kikavu kilichofungwa, huongezwa kijiko kimoja au viwili katika uji, viazi vilivyopondwa au ugali laini wa mtoto mara moja au mbili kwa siku.

Pamoja na dagaa, viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ambavyo kituo cha utafiti cha Ukiriguru wilayani Misungwi kimeshiriki kuvieneza, hutoa vitamini A kwa wingi, nayo maembe, mapapai, mchicha, mayai, maziwa na karanga zilizosagwa hukamilisha sahani. Unga unaouzwa kwa jina la uji wa lishe, uliochanganywa nafaka, soya, karanga na hata dagaa katika mfuko mmoja, haustahili sifa unazopewa: nafaka nyingi pamoja hazimpi mtoto faida kubwa kuliko nafaka moja, soya ambayo haikuchemshwa na kukaangwa ipasavyo huzuia protini kusagwa tumboni, na karanga mbichi zikikaa kwenye unga huota sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo huharibu ini na kuhusishwa na udumavu. Ni bora kila kitu kisagwe na kuhifadhiwa peke yake, kikachanganywa wakati wa kupika, na uji uwe mzito kiasi cha kutomwagika haraka kijikoni, kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo na uji mwepesi hulijaza maji. Kati ya miezi 6 na 8 mtoto ale mara 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 ale mara 3 hadi 4 pamoja na asusa, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Muhogo mchungu nao usiharakishwe: mwaka 1985 wilayani Tarime uliwapooza miguu watu wengi, hasa watoto na wanawake, kwa ugonjwa uitwao konzo, baada ya njaa kuzifanya familia ziufupishe muda wa kuuvundika na kuukausha.

Saa ya kula ndiyo saa ya kusemesha, na jambo hili linahitaji kusisitizwa kwa kuwa ndilo linalopuuzwa zaidi. Mtoto anayekabwa na kulazimishwa kumeza uji, pua ikiwa imebanwa, hupata chakula pamoja na woga. Mtoto anayekalishwa mbele ya mlishaji, akatazamwa machoni, akaambiwa jina la kila kilichomo kijikoni na kusubiriwa afungue mdomo, hupata chakula pamoja na lugha, tena hujifunza kwamba ishara zake zinaeleweka. Wataalamu huiita namna hii malezi yenye mwitikio, yaani mzazi kuiona ishara ya mtoto, kuielewa na kuijibu, nayo ni moja ya nguzo 5 za mwongozo wa malezi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, na ambao Tanzania iliufuata ilipozindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto.

Wengi huyadhani mafundisho haya kuwa ya kigeni, ilhali sehemu ya msingi wake ilichunguzwa katika nchi zinazolizunguka ziwa hili hili. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyeishi Uganda mwaka 1954 na 1955, aliwatazama mama 26 wa Kiganda na watoto wao katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, na kitabu alichokichapisha mwaka 1967 kilieleza jinsi mtoto mwenye uhakika na mama yake anavyomfanya kuwa kituo cha kuondokea kwenda kuuchunguza ulimwengu na kukirudia anapoogopa. Aliona pia kwamba watoto hao walishikamana na baba, bibi na ndugu wakubwa pasipo kupunguza kushikamana kwao na mama. Fikra hizo, zilizoenea baadaye katika saikolojia ya dunia nzima, zinamhakikishia mama wa Mwaloni kwamba kumwacha mtoto kwa bibi au kwa dada mlezi si kumharibu, mradi mlezi huyo awe yule yule, awe amepumzika, na awe anamjibu mtoto. Charles Super, aliyechunguza Wakipsigis wa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1976, alionyesha kwamba watoto wao walikaa na kutembea takribani mwezi mmoja mapema kuliko wa Marekani kwa sababu walifundishwa hivyo makusudi, wakikalishwa katika shimo dogo lililochimbwa ardhini ili mgongo ujizoeze, lakini hawakuwatangulia wenzao katika kutambaa, kwani hilo hawakulizoezwa. Mwili, kama ubongo, hufuata mazoezi.

Kwa hiyo kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga huku mama akizungumza, kumwimbia bembelezi za Kisukuma, Kikerewe au Kijita, kumjibu anapotoa sauti hata kama haijawa neno, kumpa kifuniko cha sufuria na kijiko cha mti ili agonge, na kumlaza kwa tumbo akiwa macho ili ainue kichwa, vyote ni ujenzi wa ubongo usiogharimu fedha. Lugha ya nyumbani isifichwe kwa kuhofia kwamba itachelewesha Kiswahili, kwa kuwa mtoto anaweza kubeba lugha mbili tangu mwanzo, na anayesemeshwa kwa lugha ambayo mama yake anaijua vizuri husikia maneno mengi na yenye uhai zaidi. Simu na runinga hazimsemeshi mtoto, kwa sababu hazimsubiri ajibu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa mwaka mmoja naye asizoezwe. Mama aliyefunikwa na sonona baada ya kujifungua, asiye na hamu ya kumtazama mtoto wala kuzungumza naye, asihukumiwe kuwa mvivu. Apelekwe kituoni, na jamaa wamsaidie kazi, kwa sababu ukimya wake humfikia mtoto pia.

Maradhi huweza kubomoa haraka kilichojengwa. Degedege, mtukutiko wa mwili ambao kwa mtoto mdogo mara nyingi huja na homa, bado hupelekwa kwa waganga kwa kudhaniwa kuwa ni pepo, ilhali katika Kanda ya Ziwa huenda ikawa malaria iliyofika kichwani, ambayo inahitaji dawa ya sindano bila kupoteza saa. Miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 12 waliofuatiliwa jijini Kampala baada ya kupona malaria ya ubongo, takribani 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu wa akili miaka 2 baadaye. Utosi uliobonyea huashiria ukosefu wa maji mwilini, na uliovimba ukiambatana na homa huweza kuwa homa ya uti wa mgongo; hali zote mbili ni za kukimbilia hospitali. Kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki kwa mtoto mwenye kuhara au homa ni kumjeruhi kwa ugonjwa ambao haupo, kwani kinachong'olewa ni chipukizi la jino lake halisi. Na mtoto anayekonda asitangazwe kuwa amebemendwa, yaani amedhoofishwa na wazazi waliovunja mwiko wa ngono, maana tuhuma hiyo huwafedhehesha wazazi, nao humficha mtoto badala ya kumpeleka apimwe utapiamlo na kifua kikuu.

Ugonjwa wa selimundu unastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa hauonekani mwanzoni na Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa wake. Vipimo vya damu ya watoto wachanga vilivyofanyiwa kazi katika maabara ya Bugando vilionyesha kwamba takribani mtoto 1 kati ya 5 amebeba vinasaba vyake kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 anao ugonjwa wenyewe. Mtoto mwenye ugonjwa huo anaweza kupata kiharusi akiwa bado mdogo, wakati mwingine bila dalili ya wazi, na dawa ya haidroksiurea inayoanzwa mapema hupunguza hatari hiyo. Familia yenye ndugu aliyeugua selimundu, au yenye mtoto aliyevimba vidole vya mikono na miguu kabla ya kutimiza mwaka, iombe kipimo bila kusubiri maumivu mengine.

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja, na ulinganisho wa majirani huleta hofu isiyo na sababu: mtoto mwenye afya huweza kukaa bila kushikwa wakati wowote kati ya miezi 4 na 9, na kutembea peke yake kati ya miezi 8 na 18. Lakini mtoto ambaye kwa miezi 3 hajatabasamu anapotabasamiwa, kwa miezi 9 hakai hata kwa kuegemezwa, kwa miezi 12 hageuki anapoitwa jina, au kwa miezi 18 hatembei, pamoja na yule aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, anahitaji kuchunguzwa usikivu, macho na ukuaji mapema, wakati ubongo bado ni mwepesi kufundishika. Ziara nyingi za kliniki huishia kwenye mizani na sindano kwa kuwa hakuna aliyeuliza zaidi. Mzazi anayempeleka mtoto katika chanjo ya wiki ya 6, ya 10 au ya 14, na ile ya surua na rubela ya miezi 9 na 18, amuulize muuguzi mambo matatu kila mara: urefu wake ukoje, anasikia na kuona vizuri, na anafanya yale yanayotarajiwa kwa umri wake. Baba naye aende, akaulize mwenyewe. Katika vituo vya serikali huduma ya mtoto wa chini ya miaka 5 hutolewa bila malipo kwa mujibu wa sera ya afya.